Glasi Iliyomdanganya Mama Kipimo

"Asali ya soko hili inapikwa."

Ni maneno hayo tu, lakini yalimganda Mama Kipimo kama chawa kwenye pindo. Aliyasikia kwa mshona viatu. Akayasikia kwenye foleni ya maji. Akaenda kusukwa nywele ili akae zake kimya, na msusi naye akamwinamia sikioni: "Umesikia, mama? Eti inapikwa." Nani anapika? Wapi? Hakuna aliyejua. Kila mtu alisikia kwa mwenzake.

Na mnakumbuka wenyewe uvumi ule ulimfikisha wapi. Tulimwacha katikati ya soko, glasi ameinua juu, asali ya Bwana Moshi imetawanyika majini mpaka maji yamekuwa kama chai iliyochacha. Watu wanazomea. Muuza Chupa kaipiga meza ya asali teke, chupa zimelala chini vipande vipande. Na Bwana Moshi, mfuga nyuki, mtu wa maneno machache na nguo zinazonuka moshi siku zote, anaokota vigae kimoja kimoja.

Akanyoosha mgongo. Akamtazama mama yule.

"Umenipima mimi," alisema. "Haya. Nenda kapime na kwako."

Mama Kipimo alicheka.

Ndiyo, alicheka, na watu wote wakacheka naye. Kwake kuna nini cha kupima? Yeye ndiye mwenye kipimo! Jina lenyewe alipewa na wateja. Hakuna chupa ya asali iliyotoka barazani kwake bila kupita kwenye glasi. Tone moja ndani ya maji: likizama na kutulia, ni asali, likitawanyika, ni sukari. Njiti ya kiberiti anaichovya, anaikwaruza: ikiwaka, ni asali. Tone kwenye ukucha wa dole gumba: likikaa, ni asali, likiteleza, nenda nalo ulikotoka. Kisha anafunga shingo ya chupa kwa kitambaa chekundu, na mteja anaondoka anatabasamu kama katoka kuposwa.

"Mama, wewe ni serikali!" Muuza Chupa alimsindikiza njia nzima akimpepea kwa kofia. "Kesho kamati ya soko inakaa. Uje na glasi yako, uwaonyeshe kama ulivyotuonyesha leo. Yule mtu hatatia tena mguu sokoni. Na ile meza yake, basi, tutajua wa kuikalia."

"Nitakuja," alisema Mama Kipimo.

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote. Namwogopa nani?"

Kumbukeni ahadi hiyo.

Alifika nyumbani jua bado kali, koo limekauka kwa kelele alizopiga. Akabandika chai. Akafungua kopo la sukari.

Tupu.

Akalipindua, akaligonga matako. Sukari alileta juzi, tena mfuko mzima, na nyumba hii ina watu wawili: yeye na binti yake mkubwa. Nani kaimaliza? Akainama chini ya meza kutafuta mfuko. Mfuko ulikuwepo, umekunjwa vizuri, hauna kitu. Pembeni yake kulikuwa na maganda ya ndimu yaliyokamuliwa mpaka yakageuka nje ndani. Na nyuma ya ndoo ya unga, limefunikwa na kanga ya zamani, akaliona sufuria kubwa la shughuli.

Lile ambalo binti alisema jirani ameliazima.

Akalivuta. Likakwama sakafuni, maana lilikuwa linanata. Ndani, pembezoni, kulikuwa na kitu cha rangi ya dhahabu, kizuri, kinang'aa. Akachovya kidole. Akalamba.

Utamu. Utamu mtupu, halafu kwa mbali ladha ya kuungua.

Wewe unayesoma hapo umekaa starehe, chupa yako iko kabatini, usiharakishe kumcheka. Subiri.

Mlango wa nyuma ukalia. Binti akaingia na kikapu cha chupa zilizooshwa, anaimba chini chini. Alipoliona sufuria mikononi mwa mama yake, wimbo ukakatika.

"Umerudi mapema, mama."

"Hii ni nini?"

"Jamu."

"Jamu ya nini?"

Binti akatazama dari, kana kwamba tunda lingedondoka kutoka huko. "Ya... ya sukari."

"Jamu ya sukari! Na kesho utanipikia chumvi ya chumvi! Weka kikapu. Simama hapo, usisogee."

Mama Kipimo akaisuuza glasi yake, ile ile ya sokoni. Akajaza maji. Akakwangua sufuria kwa kijiko, akadondosha tone, moyo wake unaomba jambo moja tu: litawanyike. Litawanyike kama la Bwana Moshi, ili kipimo chake kibaki kipimo, na aliyekosea awe binti peke yake.

Tone likazama. Likafika chini likatulia, limejikunja kama paka kwenye mkeka.

Akachovya njiti, akaikwaruza. Ikawaka mara ya kwanza.

Akaweka tone kwenye ukucha. Likakaa, mviringo, kama shanga.

"Imefaulu," alisema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

"Najua," alijibu binti, macho chini. "Niliipika mpaka ikafaulu."

"Unasemaje?"

"Mara ya kwanza ilitawanyika, mama. Nikairudisha jikoni, nikaongeza moto. Ikawa nzito lakini ikaganda kama pipi, nikatia ndimu. Nilikuwa nakusikiliza unavyowaambia wateja pale barazani. Isitawanyike, isizime njiti, isiteleze kidoleni. Basi nikapika hivyo hivyo ulivyosema."

"Ulijifunza kwangu."

"Kwa nani tena?"

Chai ilichemka ikamwagika motoni, hakuna aliyeiepua.

Mama Kipimo aliketi juu ya ndoo ya unga. Alitaka kupiga kelele, lakini kelele zote alikuwa amezimaliza sokoni. Mbele ya macho yake zilipita chupa zenye vitambaa vyekundu: ya mwalimu wa shule, ya fundi cherehani, ya yule mama mwenye kikohozi aliyemshika mkono na kumwambia, Mungu akubariki, wewe peke yako ndiye mkweli hapa. Kila mmoja alionyeshwa glasi. Kila mmoja aliondoka anatabasamu.

"Kwa nini, mwanangu? Nani alikutuma?"

"Asali iliisha! Tangu jua hili lianze, maua hakuna, Bwana Moshi akasema ya nyuki wakubwa hana ya kukupa mpaka mizinga ipumzike. Nilikuambia. Ukasema anaringa. Na kila jioni wimbo ni ule ule: mteja asirudi mikono mitupu, mteja asirudi mikono mitupu. Mimi ningewapa nini, mama? Maji?"

"Ungeniambia imeisha!"

"Nilikuambia imeisha. Ukaniambia nikatazame tena."

Ilikuwa kweli. Aliyasema maneno hayo, akiwa anafunga kilemba, bila hata kugeuka. Na chupa zilipotokea asubuhi yake, zimejaa, hakuuliza zimetoka wapi. Alizipima, zikafaulu, akafurahi.

"Halafu sikuwa peke yangu," binti akaanza. "Kuna mtu ambaye—"

"Nyamaza!"

"Mama, nisikilize, huyo mtu—"

"Nimesema funga mdomo! Sitaki jina la mtu humu ndani. Tuliyoyafanya sisi yanatosha!"

Binti akafunga mdomo. Laiti mama yule angelisubiri neno moja zaidi! Lakini mama akiona haya huwa hasikii, na mimi hilo nalijua.

Hakungoja hata kubadili nguo. Alijifunika mtandio mpaka usoni, akapita njia ya nyuma, kule kwenye mifereji, asionwe na mtu. Alipanga maneno yake vizuri. Angemwomba Bwana Moshi radhi kimya kimya, wawili tu. Angemlipa chupa zilizovunjika. Na kwenye kikao angesema anaumwa. Bila glasi yake, kesi haina shahidi, mambo yangepoa yenyewe.

Mke wa Bwana Moshi ndiye aliyefungua. Alimtazama kuanzia mtandio mpaka kandambili.

"Baba watoto!" akaita ndani bila kumwondolea mgeni macho. "Njoo, serikali imekuja kukupima tena. Leo imejifunika uso."

"Shemeji, naomba—"

"Ushemeji ulivunjika pamoja na zile chupa. Mimi ndiye niliyezichemsha na kuzikausha. Pita, usijikwae, hatuna glasi hapa ya kukupimia."

Bwana Moshi alikuwa uani, ananoa kisu cha kukatia masega. Shavu moja limevimba kwa kuumwa na nyuki, kama kawaida yake. Hakusimama.

Mama Kipimo akapiga magoti. Akasema yote: sufuria, ndimu, tone lililotulia. Alisema kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Aliomba msamaha. Akaomba na siri, na kusema kikaoni atajifanya anaumwa.

Kisu kikaendelea kwenye jiwe. Hwii, hwii.

"Ile asali yangu," alisema hatimaye, "nilikuambia ni ya nini?"

"Ya nyuki wadogo."

"Wale wasiouma. Nilikuambia kabla hujaidondosha, au baada?"

"Kabla."

"Na asali ya nyuki wadogo iko vipi?"

Mama Kipimo aliinamisha kichwa. Hapa ndipo palipokuwa na mwiba wenyewe, wasomaji, ule ambao hakuwa amemwambia hata binti yake. Alijua. Alikuwa anajua tangu utotoni. Bibi yake alikuwa na gogo lenye nyuki wale nyuma ya jiko, na asali yake ilikuwa nyepesi kama maji, chachu kidogo, mtoto akikingiwa kiganjani inamtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anailamba kiwikoni! Na pale sokoni, tone lilipoanza kutawanyika, kiwiko chake chenyewe kilimkumbusha. Alikuwa na nafasi ya kusema, jamani, hii ni nyepesi kwa asili yake. Lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Glasi iko juu. Macho yote yako kwake.

Akaacha wapige.

"Ni nyepesi," alisema. "Hutawanyika."

"Ulijua."

"Nilijua."

Jiwe likanyamaza. Mke wa Bwana Moshi, aliyekuwa ameegemea mlango kwa shari zake zote, akauachia mlango. Akaingia ndani.

"Kukunyima msamaha sitaweza, nyuki wakiuma kila siku unajifunza kusahau," alisema Bwana Moshi. "Lakini nikuulize jambo. Mimi umenitukania wapi?"

"Sokoni."

"Na radhi umekuja kuniomba wapi?"

Uani palikuwa na kuku wawili, na kamba ya nguo.

"Watoto wangu wamepita njiani leo wanaitwa watoto wa sukari. Sasa wewe na mimi tupeane mikono hapa, kuku washuhudie, halafu kesho kamati inifukuze, wewe unaumwa? Chukua mtandio wako, mama. Radhi yako ipeleke ulikolipeleka tusi."

Kesho yake, ofisi ya soko ilijaa mpaka dirishani. Ni chumba kimoja, mabenchi mawili, na ubao mweusi ukutani ambao kamati huandikia bei za ushuru. Mwenyekiti, muuza nyama, alikuwa amevaa koti juu ya aproni. Benchi la mbele walikaa wakubwa wa soko: muuza nafaka, muuza nguo, na Muuza Chupa, amevuka miguu, kofia gotini. Bwana Moshi alisimamishwa kando, karibu na ndoo ya takataka.

"Mama Kipimo, karibu!" Mwenyekiti akasugua mikono. "Mezani tumeweka maji na chupa ya mshitakiwa iliyopona. Glasi umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

"Tuonyeshe basi, tumalize, nyama yangu iko nje inapigwa na nzi."

Watu wakacheka. Mama Kipimo akaijaza glasi. Akatoa chupa chini ya mtandio, yenye kitambaa chekundu shingoni. Akadondosha tone.

Likazama. Likatulia.

"Hiyo ni asali!" walipokea watu kwa pamoja, kama walivyozoea barazani kwake.

"Hiyo ni sukari," alisema.

Waliosimama dirishani wakasukumana ili wasikie.

"Imepikwa jikoni kwangu, kwa ndimu. Imepita kwenye glasi, imepita kwenye kiberiti, imepita kwenye kidole. Mmeinunua. Mmeila. Wengine mmewapa wagonjwa." Akaigusa ile chupa iliyopona. "Ya Bwana Moshi hutawanyika kwa sababu ni ya nyuki wadogo. Aliniambia. Na hata asingeniambia, nilikuwa najua. Nilimzomea mtu mkweli nikiwa najua. Bwana Moshi, mbele ya wote hawa, nisamehe."

Hebu fikirieni chumba kile! Yule mwenye kikohozi aliketi mstari wa pili. Alifungua mkoba, akatoa chupa yake yenye kitambaa chekundu, akaiweka sakafuni polepole, akaisukuma mbali kwa ncha ya mguu. Mama Kipimo alitamani angetukanwa.

Kelele zikaja baadaye, kutoka kwingine. "Mwongo!" "Turudishie!" "Na usoni ana haya kweli huyu?" Muuza Chupa ndiye aliyepaza zaidi ya wote: "Atoke! Atoke sasa hivi, kikao kifungwe!"

Mwenyekiti akagonga meza kwa kiganja. "Hakifungwi! Mama, umesema imepikwa jikoni kwako. Aliyepika ni nani?"

Macho yote kwake. Alifumbua mdomo. Jina la mwanawe lilikuwa pale ulimini, na hakulitoa, na mama gani angelitoa?

"Jiko ni langu," alisema.

"Hatukuuliza jiko!"

"Jiko ni langu, Mwenyekiti. Naomba chaki."

"Chaki ya nini?"

"Nimewafundisha watu ujinga kwa mdomo. Acha niufute kwa mkono, wausome hata wasiokuwepo."

Bwana Moshi ndiye aliyeichukua chaki dirishani, akampa. Vidole vyao havikugusana, lakini alimpa.

Akawageuzia watu mgongo. Akafuta bei za ushuru kwa pindo la mtandio. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyeacha shule darasa la saba, na mistari ilipanda juu kama inakimbia kitu. Akiwa katikati alisikia mlango ukifunguliwa, na kandambili anazozijua zikikokotwa sakafuni. Hakugeuka. Aliogopa kugeuka. Alipomaliza, chaki ikachukuliwa mkononi mwake taratibu, na mstari wa mwisho ukaandikwa na mkono mwingine.

Benchi la mbele, kofia ikaanguka kutoka gotini.

Ubao ulisomeka hivi:

Usiamini glasi ya maji. Sukari iliyopikwa ikakolea nayo huzama.

Usiamini kiberiti wala kidole. Vinakuambia nzito na nyepesi tu, havikuambii kweli na uongo.

Usiamini sisimizi kwamba hawagusi asali ya kweli. Wanakula zote.

Usiikatae asali kwa kuwa imeganda, wala kwa kuwa ni nyepesi. Uliza ni ya nyuki gani.

Usinunue kwa mtu asiyeweza kukuonyesha mizinga, au kukupeleka kwa mwenye mizinga.

Usinunue msimu ambao wafugaji wote wanasema hawana, halafu mmoja anazo chupa tele.

Usimpe asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata iwe ya kweli. Itamdhuru.

Usimwite mtu mwizi kwa sababu watu wanapiga makofi.

Usinunue chupa yenye kitambaa chekundu, hata nikuapie mimi mwenyewe.

Usimlaumu mama yangu. Aliyepika ni mimi, na aliyeniletea chupa na kunionyesha pa kuuza zilizobaki amekaa benchi la mbele.